Mafunzo kwa wanaohudumia wageni wapya: fundisha kuuliza, usigawe orodha ya makabila

Mafunzo mengi ya utamaduni kwa watumishi wa mapokezi, kliniki, shule na ofisi za makazi wanaohudumia wakimbizi na wahamiaji huharibika kwenye ukurasa wa kwanza wa kitini: Wasomali wako hivi, Waafghani wako vile. Mshiriki anatoka na karatasi yake, kesho anakutana na Msomali asiyefanana na karatasi, na anaamua kwamba mwenye tatizo ni mteja. Mwongozo huu ni wa mwezeshaji anayetaka kuandaa mafunzo ya aina nyingine, yanayomwachia mhudumu maswali mazuri na mazoea machache anayoweza kuyatumia dirishani akiwa na watu kumi kwenye foleni.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walipendekeza "unyenyekevu wa kiutamaduni" badala ya "umahiri", kwa hoja kwamba utamaduni wa watu si kozi ya kuhitimu. Mhudumu anaendelea kujikagua, na anayeyajua zaidi maisha ya mteja ni mteja mwenyewe. Kwa mwezeshaji hili linageuza mpangilio mzima wa kazi: muda mwingi unakwenda kwenye mazoezi, mihadhara inabaki kidogo.

Kabla ya kuita watu

Tenga wiki tatu za kuchunguza. Ongea na watumishi wanane hadi kumi wanaokutana na wageni uso kwa uso, na usimsahau mlinzi wa getini wala anayepokea simu. Mara nyingi hao ndio wanaoamua kama mtu ataingia au atageuza njia. Kisha ongea na idadi kama hiyo ya wageni wenyewe, kwa mkalimani, mahali ambapo wahudumu wao hawapo, na uwalipe kwa muda wao. Usiwaulize kama wameridhika. Mtu anayetegemea ofisi yako kwa nyumba au dawa atajibu "tunashukuru", na hapo utakuwa hujajifunza kitu. Uliza: "Ni siku gani ulitoka hapa bila kuelewa ufanye nini?" Swali hilo hutoa majibu yenye mwaka, mlango na dirisha.

Baada ya hapo toa mafaili 20 ya wageni, kwa kibali na kwa usiri unaotakiwa, na uangalie mambo manne tu. Lugha ya mteja imeandikwa? Imeandikwa kwa usahihi gani? Jina limeandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye karatasi zote? Miadi iliyokosekana ilikosekana kwa sababu gani? Ajenda ya mafunzo utaipata humo. Ukikuta mafaili 14 kati ya 20 hayana lugha ya mteja, usianze na mada ya kutazamana machoni.

Kundi liwe la watu 12, 15 au 18. Idadi inayogawanyika kwa tatu inarahisisha maigizo, maana kila igizo linahitaji mhudumu, mteja na mtazamaji. Wawezeshaji wawe wawili, na ni bora mmoja awe mtu aliyewahi kuwa mgeni mpya mwenyewe. Alipwe sawa na mwenzake na apangiwe mada za kufundisha kama yeye. Kumwita kwa nusu saa aje kusimulia safari yake, watu walie, kisha aondoke, ni kosa linalorudiwa sana: washiriki hutoka na huruma, na hakuna kinachobadilika kwenye fomu.

Kuhusu muda, nusu siku nne za saa tatu tatu, zikiachana kwa wiki moja au mbili, zinafaa kuliko siku mbili mfululizo, kwa sababu katikati mtu anakwenda kujaribu kazini na kurudi na maswali ya kweli. Ukipewa siku moja tu, ondoa nadharia yote na ubakize majina na tarehe, mkalimani, na namna ya kuhakikisha mteja ameelewa. Mkuu wa ofisi ahudhurie kikao cha kwanza na cha mwisho, maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kubadilisha fomu.

Vifaa ni vichache: bango kitita, maka za rangi mbili, kadi tupu kama 60, simu yenye spika, na nakala tupu za fomu halisi za ofisi hiyo. Fomu za mfano kutoka kwingine hazisaidii. Kila mtu atasema "zetu si hizo".

Kikao cha kwanza: jina, tarehe, saa, ndugu

Anza na zoezi la dakika 20. Kila mshiriki aandike jina lake kamili kwenye kadi, aseme nani alimpa na lina maana gani, halafu alijaze kwenye fomu yenye visanduku viwili tu: "jina la kwanza" na "jina la ukoo". Muulize ni nini kimepotea. Wenyeji nao watagundua kwamba wana utamaduni. Wengi huingia darasani wakiamini utamaduni ni kitu walicho nacho wageni.

Kisha ingia kwenye kazi yenyewe. Msomali kwa kawaida ana jina lake, la baba na la babu; hakuna jina la ukoo la familia nzima, na mke hachukui jina la mume. Kwa hiyo mume, mke na watoto wanaweza kuwa na majina ya mwisho matatu tofauti na bado ni nyumba moja. Mhabeshi na Mweritrea hutumia jina lake na la baba. Wachina na Wavietnamu hutanguliza jina la ukoo. Wanaotoka nchi zinazozungumza Kihispania mara nyingi wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na ukikata la pili umemgeuza mtu mwingine. Watu wengi wa Myanmar hawana jina la ukoo kabisa. Lengo si kukariri haya. Mshiriki ayaone mara moja ili aelewe kwamba visanduku viwili ni desturi ya watu fulani, kama desturi nyingine yoyote.

Mazoea ya kufundisha ni mafupi: nakili jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria, herufi kwa herufi, kisha uliza maswali matatu. "Ungependa tukuiteje?" "Jina gani unatumia wewe na ndugu zako kwa pamoja, kama lipo?" "Una karatasi nyingine ambayo jina limeandikwa tofauti?" La tatu ndilo linalookoa, kwa sababu mtu mmoja kuwa na mafaili mawili humaanisha majibu ya vipimo yamepotea, au mtoto amechanjwa mara mbili.

Tarehe zina mitego yake. Wageni wengi wana tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwa sababu mtu fulani, kambini au mpakani, alihitaji kujaza kisanduku. Mhudumu asiichukulie kama dalili ya udanganyifu. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma ya hii ya kawaida kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, na mwaka wake mpya huangukia Septemba. Hati nyingi za Iran, na za zamani za Afghanistan, hutumia kalenda ya jua ambayo mwaka wake huanza Machi, tarehe 20 au 21. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine, hivyo kwenye barua za miadi mwezi uandikwe kwa maneno.

Saa, sisi wenye Kiswahili tunaijua vizuri kuliko wengi. Mteja akiambiwa saa tatu asubuhi na mkalimani, huku barua imeandika 9:00, mambo ni sawa. Lakini mkalimani akitafsiri tarakimu ilivyo na kusema "saa tisa", mteja atafika alasiri, na faili litaandikwa "hakutokea". Ethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri. Dawa ni kuandika tarakimu kwenye karatasi, kuchora uso wa saa, na kusema asubuhi au mchana.

Halafu kuna undugu. Mteja anasema "huyu ni kaka yangu", majina ya baba hayafanani, na mhudumu anahisi amedanganywa. Kwa Kiswahili mama mdogo ni mama, baba mkubwa ni baba, na watoto wao ni ndugu zangu. Lugha nyingi duniani zinahesabu hivyohivyo. Wafundishe kuuliza "mmezaliwa na mama mmoja? na baba mmoja?" kwa sauti ya mtu anayejaza fomu, isiwe ya mtu anayehoji mtuhumiwa. Na waeleze mteja kwa nini wanauliza: fomu hii inahesabu waliozaliwa tumbo moja tu.

Kazi ya kwenda nayo: kila mshiriki alete fomu moja ya ofisini aliyoisahihisha kwa kalamu.

Kikao cha pili: mkalimani

Hiki kipewe muda wote wa kikao. Ndipo makosa yanapoumiza watu zaidi, na ndipo mazoezi yanapozaa haraka.

Kwanza, lugha sahihi. "Kiarabu" hakitoshi: Mmoroko na Mwiraki wanaweza kushindwana katika mazungumzo ya kawaida. "Kikurdi" kinaweza kuwa Kikurmanji au Kisorani, na hata maandishi yake ni tofauti. Hata "Kiswahili" hakitoshi. Wakongo wengi husema namba na tarehe kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili chao, na "mililita tano mara mbili" ya mkalimani wa Dar es Salaam inaweza isifike. Fundisha swali hili: "Nyumbani mnaongea lugha gani, na ungependa tukuitie mkalimani wa kutoka wapi?" Kisha swali tofauti: "Unasoma lugha gani?" Mtu anaweza kuongea lugha asiyoisoma, au asisome yoyote, na hapo barua iliyotafsiriwa vizuri haimsaidii.

Pili, nani asitumike. Mtoto asitafsiri, hata akiwa hodari. Hajui maneno ya kitabibu wala ya kisheria, atamficha mama yake habari mbaya, na atabeba siri zisizo za umri wake. Mume asimtafsirie mke, kwa sababu ukimuuliza mke kama yuko salama nyumbani, anayejibu ni yule unayemuulizia. Jirani wa jamii moja ni hatari ya aina nyingine: jamii ikiwa ndogo, siri inafika nyumbani kabla ya mteja. Hapo mkalimani wa simu kutoka mji mwingine ni bora kuliko aliyekaa chumbani, na mteja asitajwe kwa jina kabla hajakubali.

Tatu, namna ya kufanya. Panga muda maradufu ya kikao cha kawaida. Bila hivyo mhudumu ataanza kukatisha sentensi. Dakika tano kabla, mweleze mkalimani mada na maneno magumu. Mbele ya mteja, mhudumu ajitambulishe, amtambulishe mkalimani, aseme kwamba kila kitu kitatafsiriwa na hakuna kitakachotoka nje, na aulize kama mteja yuko radhi na mkalimani huyu, jinsia yake ikiwemo. Viti viwe pembetatu, mhudumu na mteja wakitazamana. Mhudumu amsemeshe mteja, "unaumwa wapi?", badala ya kumwambia mkalimani "muulize anaumwa wapi". Sentensi mbili fupi, kisha anyamaze. Asitumie methali, mizaha wala vifupisho vya ofisi.

Jibu refu la mteja likirudi kama neno moja, mhudumu aseme bila hasira: "Naomba unitafsirie kila alichosema." Na asimgeuze mkalimani kuwa mtaalamu wa kabila: "Hivi watu wenu huwa mnafanyaje?" ni swali la kumuuliza mteja.

Zoezi: watu watatu watatu. Mhudumu ana fomu, mteja ana kadi yenye tatizo, mtazamaji ana orodha ya vipengele vya hapo juu. Igizo liende dakika saba, mrejesho nane, kisha wabadilishane nafasi. Raundi moja ifanyike kwa simu yenye spika na mkalimani halisi anayetumia lugha ambayo wengi darasani hawaijui. Dakika saba za kutegemea sauti usiyoielewa hufundisha kitu ambacho slaidi haziwezi.

Kikao cha tatu: "ndiyo" yenye maana gani?

Mhudumu anauliza, "Huna swali?" Mteja anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili, na lugha nyingine nyingi, maana yake ni "ndiyo, sina". Kwa Kiingereza jibu hilo laweza kusikika kama "ninalo". Basi maswali ya kukanusha yaondoke kabisa kazini. "Umeelewa?" nalo liondoke, kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" kila mahali ambapo adabu inamkataza mtu kumwambia mkubwa kwamba hakueleza vizuri.

Mahali pake weka hili: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwambia mwenzako mnatakiwa kufanya nini?" Mzigo uko kwa aliyeeleza, mteja hana cha kuonea aibu. Kama anachorudia si sahihi, eleza kwa maneno mengine na uulize tena. Kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa ni ugonjwa wa madirisha mengi.

Kwa wahudumu wa afya ongeza maswali yaliyotokana na kazi ya Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, miaka ya 1970. Mgonjwa anaulizwa yeye anauitaje ugonjwa wake, anadhani umesababishwa na nini, kwa nini ulianza pale ulipoanza, anahofia nini zaidi, na anatarajia tiba gani. Maofisa wa makazi na walimu wanaweza kuyageuza: "Kwa maoni yako tatizo hili lilianzaje? Umeshajaribu nini? Unaogopa nini kitatokea?" Maswali matatu yanatosha. Ukiwapa kumi hawatauliza hata moja.

Ishara za mwili usizipe zaidi ya dakika 15. Kutotazama machoni kunaweza kuwa heshima, uchovu, au haya tu, na mhudumu hana njia ya kujua kwa kukisia. Kuhusu kushikana mikono na mtu wa jinsia nyingine, kanuni moja inatosha: salimia kwa mdomo, mkono wako uweke kifuani au pembeni, na umwache mgeni aamue. Hapa Mswahili anayehudumu kwa Kiingereza aangalie pia "pole" yake. Kwa Kiswahili ni huruma. Tafsiri yake ya kawaida kwa Kiingereza inaweza kusikika kama kukiri kosa.

Kikao cha nne: waliopitia makubwa, na sisi wenyewe

Mkimbizi, kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 na Itifaki yake ya 1967, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, taifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwomba hifadhi bado anasubiri uamuzi. Mhamiaji wa kazi au mwanafunzi ni habari nyingine. Dakika kumi za kutofautisha haya zinatosha, ila zisirukwe, kwani haki za huduma hutegemea hadhi na mhudumu anayechanganya humnyima mtu kitu.

Kisha kiwewe. Kama kazi yako haihitaji kujua kwa nini mtu alikimbia, usiulize. Kama inahitaji, mwambie sababu ya swali, nani atasoma jibu, na kwamba anaweza kusimama wakati wowote. Mpe kiti kinachoona mlango, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Eleza kila hatua kabla ya kuifanya, hasa kumgusa, kumpiga picha au kuchukua alama za vidole. Mtu aliyepitia mateso anaweza kusimulia tukio moja kwa tarehe mbili. Kumbukumbu ya hofu haipangiki kama daftari. Mteja akiganda au akianza kutetemeka, acha fomu. Mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na kwamba sasa hivi yuko salama, mwombe ahisi miguu yake sakafuni, mpe maji na muda. Kisha umwelekeze kwa mshauri nasaha. Mhudumu wa dirishani asijaribu kutibu.

Weka kanuni tangu kikao cha kwanza: mshiriki yeyote anaweza kutoka nje bila kueleza. Darasani huwa na watu waliowahi kukimbia wenyewe, na hawakuja kuwa mifano.

Upendeleo tusioutambua ushughulikie kwa karatasi, si kwa kuungama. Gawa kisa kilekile kwa makundi mawili: mama amechelewa miadi mara tatu. Kundi moja lipewe jina la mwenyeji, lingine jina la mgeni. Kila kundi liandike hatua tatu za kuchukua, kisha bandika majibu ukutani. Yakitofautiana, huna haja ya kuhubiri. Yakifanana, sema hivyo na uendelee.

Atakuwepo mmoja atakayesema, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, wao ndio waliokuja, wajifunze." Usimzomee, na usiruhusu wengine wamzomee, kwani wanaofikiri kama yeye wako wanne wamekaa kimya. Kubali kilicho kweli: sheria ni moja kwa wote, na mgeni anajifunza kila siku. Kisha muulize nani anajua taratibu za ofisi hii kwa sasa, na nani analipwa kuzieleza. Mipaka nayo itajwe wazi. Mtoto anayepigwa au binti anayelazimishwa kuolewa halindwi na neno "utamaduni"; utaratibu wa ulinzi unafuatwa kama kwa mwenyeji, kwa mkalimani asiye wa familia.

Nusu saa ya mwisho ni ya mkuu wa ofisi. Kila kundi lilete badiliko moja tu la fomu au la utaratibu, liwe na jina la mhusika na tarehe. Yale anayokubali ayasaini hapohapo.

Baada ya miezi mitatu

Dodoso la siku ya mwisho halipimi kitu zaidi ya chakula na ukumbi. Rudi baada ya miezi mitatu, toa mafaili mengine 20, na uyakague kwa maswali manne yaleyale ya mwanzo. Hesabu pia mkalimani aliitwa mara ngapi, na ni mara ngapi jina la mtoto au la mume limeandikwa mahali pa mkalimani. Namba ya kuita wakalimani ikipanda, gharama nayo inapanda. Mwonye mhasibu mapema, la sivyo huduma itakatwa mwezi wa nne kwa sababu imefanikiwa.

Ukikuta lugha ya mteja bado haijaandikwa, kabla hujaitisha mafunzo mengine itazame fomu. Mara nyingi kisanduku cha lugha kiko ukurasa wa tatu, na mapokezi hujaza wa kwanza tu. Kihamishie juu, chini ya jina, na kwenye mfumo wa kompyuta omba kiwe cha lazima kabla ya kuhifadhi.